Sura ya Saba: Taa Isiyokuwamo Pichani

Picha ilikuwa mezani tangu asubuhi, na kila aliyepita ofisini kwa Inspekta Anaeli Kiwelu aliinama kuitazama, akatikisa kichwa, kisha akasema neno juu ya Thadeus, nalo halikuwa zuri. Hata mfagiaji alikuwa na maoni yake.

Ilikuwa picha ya stesheni ya Moshi usiku. Mtu asiyejua habari zake angeweza kuitundika sebuleni. Jukwaa lilikuwa jeupe kwa mwanga wa taa, reli zilimetameta hadi kwenye ghala la mizigo, na juu ya mapaa kila nyota iliacha mkwaruzo mfupi angani. Aliyeipiga, Indravadan mwenye studio mjini, alikuwa na mazoea ya kusimamisha kamera yake ya miguu mitatu pale jukwaani, akafungua lenzi na kuiacha wazi kwa dakika nyingi, mpaka mwanga mdogo wa usiku ujikusanye kwenye filamu. Wenzake walipokwenda sinema Jumamosi, yeye alikwenda kupiga picha za reli. Hakuna aliyemwelewa, na yeye hakujitaabisha kueleweka.

Jumamosi iliyopita, lenzi ikiwa wazi, injini ya mvuke ilisukuma mabehewa nyuma ya ghala yakambana Basili, mfunga mabehewa, akafa palepale. Indravadan alisikia kishindo na ukelele, akafunga lenzi. Kwa hiyo picha ilikuwa na kila kilichotokea kabla ya ajali, isipokuwa ajali yenyewe, maana ghala liliikinga.

Iliyommaliza Thadeus ilikuwa sehemu ya kushoto. Thadeus alikuwa mtu wa kubadilisha njia za reli na kumwonyesha dereva taa ya mkononi: kijani njoo, nyekundu simama. Yeye aliapa kwamba Basili alipoingia kati ya mabehewa, alisimama kwenye mtaimbo wa kubadilishia njia akainua taa nyekundu na hakuishusha. Dereva, mzee Gurdip, aliandika katika maelezo yake kwamba hakuona nyekundu. Picha ikamuunga mkono Gurdip. Ilionyesha mstari mweupe wa taa ya mkononi ukitoka jukwaani, ukiyumbayumba kwa mwendo wa mtu, hadi kwenye mtaimbo. Hapo mstari ulikatika, na pale ambapo taa ingepaswa kung'aa kwa muda wote ule palikuwa na giza tupu.

"Alifika, akazima taa, akajilaza," alisema Mkuu wa upelelezi, ambaye hakuwa mtu wa huku na alipenda kuwatania wenyeji. "Wachagga mnavyojua kubana matumizi, alikuwa anaokoa mafuta ya taa. Ijumaa jalada liende kwa mwendesha mashtaka."

"Afande, mtu atembee na taa hadi kazini, halafu aizime mwenzake akiwa kati ya mabehewa?"

"Kiwelu, mashahidi wote hudanganya. Kamera haina shangazi wala mjomba wa kumtetea. Ijumaa."

Kiwelu alibeba picha akashuka mahabusu. Thadeus aliletwa akiwa ameshikilia suruali, maana mkanda walikuwa wamemnyang'anya. Alikuwa mtu wa Mwika, mvi kichwa kizima, na Kiwelu alimwamkia shikamoo kabla ya lolote. Askari wa zamu alitazama pembeni.

"Marahaba. Umeniletea habari?"

"Nimekuletea maswali, mzee."

"Maswali nimeyajibu mpaka koo limekauka."

"Yajibu tena. Ulipokuwa unakwenda kwenye mtaimbo, taa ilikuwa rangi gani?"

"Nyeupe. Nilikuwa natembea, lazima nione ninapokanyaga. Nilipofika Basili akaniambia anaingia. Nikazungusha kioo nikaweka nyekundu, nikainua."

"Kwa mkono gani?"

"Wa kulia. Ulipochoka nikahamishia wa kushoto. Unaandika hayo?"

"Naandika. Taa haikuzimika hata kwa upepo?"

"Afande, kazi hii naifanya tangu enzi za Mwingereza. Kama ingezimika ningepiga kelele mpaka Pasua wangesikia."

"Picha inaonyesha giza."

"Basi picha ni ya uongo." Thadeus aliitazama kwa mara ya kwanza, akairudisha. "Kahawa yangu inadondoka. Mke wangu peke yake haimalizi. Wakinifunga, nikitoka nitakuta kihamba, shamba letu la ukoo, ni pori, kama nitatoka."

Kiwelu alimhurumia, na hakupenda hali hiyo. Kumhurumia mahabusu kabla ya kujua ukweli ni njia rahisi ya kukosea. Alifunga daftari akaondoka.

Jioni ile, taa zilipoanza kuwashwa, alikwenda stesheni. Alisimama karibu na mizani ya mizigo, mahali pale pale ilipokuwa imesimama kamera ya Indravadan, akaishika picha mbele ya uso. Akaanza kulinganisha kitu kimoja kimoja, pasipo haraka: taa ya jukwaa, saa ya ukutani, bomba la maji, ghala, kipande cha mlima ambacho mawingu yalikuwa yamekisahau. Vyote vilikuwa mahali pake.

Viwili tu vilikataa. Cha kwanza kilikuwa benchi la mwisho wa jukwaa. Pichani lilikuwa na furushi jeupe juu yake. Hapa lilikuwa mbao tupu. Cha pili kilimfanya ashushe picha, aipandishe, aishushe tena. Njia ya pembeni ya reli iliishia kwenye kizuizi cha magogo, na juu ya kizuizi iliwaka taa nyekundu ili dereva asije akapitiliza. Ilikuwa inawaka mbele ya macho yake sasa hivi. Pichani kizuizi kilionekana vizuri, hata misumari yake, lakini taa haikuwapo.

Alimwita msimamizi wa kituo.

"Taa ile ya mwisho wa reli, usiku wa ajali iliwaka?"

"Taa ile? Inawashwa kila jioni, kiangazi na masika. Hata Gurdip ameitaja kwenye maelezo yake."

Kiwelu alikuwa nayo mfukoni nakala ya maelezo yale. Aliisoma palepale chini ya taa. Ni kweli. Gurdip alikuwa ameandika kwamba taa ya kizuizi ilikuwa inawaka kama kawaida. Basi kulikuwa na taa mbili usiku ule ambazo picha haikuwa nazo, na moja kati yake ilikuwa na shahidi ambaye hakuwa na sababu ya kuipendelea.

"Na kwenye benchi lile kulikuwa na mzigo gani?"

"Mzigo hauwekwi kwenye benchi, afande. Ni marufuku. Tunasema kila siku."

Kesho yake alikwenda studio. Indravadan alikuwa mtu mwembamba mwenye miwani mizito, na alipoona sare alizidi kuwa mwembamba.

"Nimeshaeleza yote, bwana Inspekta. Sikutumwa na mtu."

"Sikuja kwa hilo. Endelea na kazi yako, nitakaa."

"Nasafisha filamu. Itabidi uingie ndani na mlango ufungwe."

Wakaingia. Chumba kilikuwa kidogo, kinanuka siki, na kilipofungwa kilibaki na taa moja ndogo nyekundu juu ya beseni. Indravadan alizamisha kipande cha filamu kwenye dawa, akawa anakitikisa taratibu huku akikitazama. Sura ya mtoto wa Komunyo ya kwanza ilianza kujitokeza kinyume, gauni jeusi, uso wa kijivu, nywele nyeupe. Kiwelu alikaa kwenye kigoda akaangalia kwa muda, na kilichomvutia hakikuwa mtoto.

"Mimi nilidhani filamu husafishwa gizani kabisa."

"Filamu ya kawaida, ndiyo. Washa kibiriti tu, imekwisha. Lakini hizo siku hizi utazipata wapi? Hii ni ya kunakilia michoro ya majengo. Nilinunua masanduku zamani, hakuna aliyezitaka."

"Na taa hii?"

"Hii haiidhuru. Filamu yenyewe haiioni."

"Haiioni taa hii, au haioni taa yoyote nyekundu?"

Mkono wa Indravadan ulisimama ndani ya beseni. Mtoto wa Komunyo aliendelea kuwa mweusi kuliko alivyotakiwa.

"Yoyote," alisema.

"Kijani?"

"Kijani inaiona. Nyeupe inaiona zaidi."

"Na picha ya stesheni ulipiga kwa filamu hii?"

"Hii hii."

Alikitoa kipande kile, akakisuuza, akakitundika kwa kibanio. Hakumtazama Kiwelu.

"Kwa nini hukusema?"

"Nani aliniuliza? Waliniweka siku nzima wananiuliza nani amenituma kupiga picha za reli. Mara Wareno, mara Makaburu. Hakuna hata mmoja aliyeuliza habari ya rangi. Bwana Inspekta, Wahindi wenzetu Uganda wanafukuzwa, masanduku mkononi. Mimi hapa nina mama mgonjwa ndani. Nikisema picha mliyoishika ina kasoro, si mtasema nimeichezea?"

"Thadeus angefungwa."

"Najua." Alivua miwani akaifuta kwa shati, ikazidi kuchafuka. "Sijalala vizuri. Kila gari likisimama nje nasema, huyu sasa ataniuliza. Leo ndio umeniuliza."

Kiwelu alitaka kumkaripia, na alikuwa na haki. Alimwonea haya badala yake, kwa ajili ya siku ile nzima ya maswali ya kijinga ambayo yeye mwenyewe aliyasoma kwenye jalada na kuyapitisha kwa saini.

"Kuna furushi kwenye benchi. Likuze nilione."

Indravadan alitoa filamu ya stesheni kutoka kwenye bahasha, akaiweka kwenye mashine ya kukuzia picha, akainua kichwa cha mashine hadi benchi likajaa karatasi nzima. Walipokuwa wakisubiri karatasi ndani ya dawa, Kiwelu aliuliza:

"Usiku ule jukwaani kulikuwa na watu wangapi?"

"Wengi. Wapagazi, abiria wanaosubiri, mwuza kahawa na birika lake."

"Mbona hawamo?"

"Walikuwa wanatembea. Lenzi ikiwa wazi muda mrefu namna ile, mtu anayepita hapati nafasi ya kujiandika. Anayebaki ni aliyetulia. Ndiyo maana stesheni zangu zote zinaonekana hazina watu."

"Basi furushi lilitulia."

Liliibuka polepole. Halikuwa furushi. Lilikuwa blanketi, na ndani ya blanketi mtu aliyejikunyata, kichwa kimeegemea ukuta, na kichwani kilemba cheupe kilichofungwa vizuri.

"Huyu sikumwona," alisema Indravadan. "Mimi nilikuwa natazama reli."

Katika wafanyakazi wote wa stesheni aliyefunga kilemba alikuwa mmoja tu. Na mtu huyo, kwa maelezo yake aliyoyatia saini, wakati huo alikuwa ndani ya injini nyuma ya ghala, mkono kwenye breki.

Mzee Gurdip aliishi kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, nyumba ya mwisho, yenye mipapai. Alimkaribisha Kiwelu barazani, akamwagizia chai ya maziwa yenye tangawizi, na hakuuliza amefuata nini. Kiwelu alisubiri chai ifike, kwa adabu, kisha akaweka picha iliyokuzwa kando ya kikombe.

Mzee aliitazama bila kuishika.

"Homa," alisema mwishowe. "Malaria ilinikamata tangu mchana. Nilitetemeka mpaka mkono haushiki kitu. Nikasema nikae kidogo."

"Nani aliendesha?"

"Bwana, nimebakiza miezi michache nistaafu."

"Mzee wangu, Thadeus amebakiza siku mbili. Nani aliendesha?"

"Gidioni."

Gidioni alikuwa mchochea moto wa injini, msaidizi wake kwa miaka mingi.

"Ana cheti cha udereva?"

"Hana. Lakini anaendesha vizuri kuliko mimi. Nimempa injini mara nyingi, uwanjani hapa hapa, hakuna aliyejua."

"Na ulipoandika hukuona taa nyekundu?"

"Sikuiona. Huo si uongo. Nilikuwa kwenye benchi nimefumba macho, sikuona chochote." Alisikia maneno yake mwenyewe, akajiinamia. "Gidioni alinijia analia, akaniambia ameona taa inawaka kwenye mtaimbo, ikimwita. Nikataka kuamini kwamba Thadeus amekosea kioo, ameweka kijani. Nikaona kosa ni lake, mimi naficha tu kwamba sikuwapo kwenye injini."

"Gidioni alisema aliona taa inawaka. Una hakika?"

"Aliapa."

Kiwelu alikunywa chai yake. Mambo yalikuwa yamejipanga yenyewe, na hayakupendeza. Taa ingekuwa ya kijani, filamu ingeiona. Ingekuwa nyeupe, filamu ingeiona vizuri zaidi. Ingekuwa imezimwa, Gidioni asingeona taa. Ilibaki rangi moja. Thadeus alikuwa amesema kweli tangu siku ya kwanza, na Gidioni alikuwa ameitazama taa nyekundu akasukuma mabehewa juu ya mtu. Jambo hilo kwenye vitabu vya sheria lina jina zito kuliko uzembe.

"Gidioni na Basili walikuwa na ugomvi?"

Gurdip alishangaa kweli. "Hao? Walikuwa wanagawana sigara moja. Basili ndiye msimamizi wa ubatizo wa mtoto wake."

"Miaka yote hiyo, mbona Gidioni hajapewa udereva?"

"Hakupita mtihani."

"Wa injini?"

"Injini anaijua." Mzee alisukuma kikombe. "Muulize mwenyewe, bwana. Hilo ni lake, si langu. Yuko kwao Mwika tangu mazishi."

Barabara ya Mwika ilikuwa na vumbi hadi Himo, kisha ikapanda na kupoa. Kiwelu aliliacha Land Rover barabarani akashuka kwa miguu kando ya mfereji wa mfongo, maji yakikimbia kwenda kwenye migomba ya watu. Ulikuwa msimu wa kahawa, na katika msimu huo nyumba ya Mchagga haina mgeni wala mgonjwa: wote wako mitini. Nyumbani kwa kina Gidioni alikuta wanawake wanne na mzee mmoja wamefunga vikapu viunoni. Mama mwenye nyumba, Bernadetha, aliyekuwa amefunga vitambaa viwili kichwani, alishuka kwenye ngazi ya kuchumia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu. Utakunywa mbege au utakunywa maji?"

"Maji, mama. Niko kazini. Namtafuta Gidioni."

"Yuko pale kwenye mashine."

Nyuma ya nyumba Gidioni alikuwa anazungusha mashine ya kumenya kahawa kwa mkono. Alikuwa mwanamume wa makamo, mikono minene ya kazi ya moto. Kiwelu alisimama akamwangalia kwa mbali. Yeye mwenyewe alizaliwa Machame chini ya mibuni, na alijua kwamba mashine ile huzungushwa na watoto, au na babu asiyeweza tena kupanda ngazi. Kahawa ilikuwa inadondoka mpaka majirani wameitwa, na mtu mwenye nguvu kuliko wote kihambani alikuwa amepewa kazi ya mtoto.

"Mama, mbona huyu hachumi?"

Bernadetha alicheka kidogo, kicheko cha jambo la siku nyingi. "Huyo? Nilimkataza akiwa mdogo. Anachanganya mbivu na mbichi, kikapu kizima. Nilimchapa, nikasema ni uvivu, nikamchapa tena. Siku moja chama cha ushirika kikatukatalia mzigo wote, mbele za watu, wanasema tumeleta kahawa mbichi. Baba yake aliona aibu hakwenda kanisani wiki mbili. Tangu hapo mti hagusi."

Kiwelu alirudisha kikombe cha maji kikiwa bado nusu. Alichukua konzi ya kahawa kwenye kikapu cha mama, akakata na tawi lenye mbichi, akaenda kwenye mashine.

"Gidioni. Mimi ni polisi."

"Najua. Land Rover nimelisikia tangu darajani." Aliacha kuzungusha.

Kiwelu alizimwaga punje zote juu ya waya wa kuanikia, mbivu na mbichi, akazichanganya kwa kiganja.

"Nichagulie mbivu."

Gidioni alizitazama kwa muda. Kisha akachukua moja akaibonyeza kwa kidole gumba, akaiweka kulia. Akabonyeza ya pili, akaiweka kushoto. Hakukosea hata moja. Lakini hakuna aliyechuma kahawa Kilimanjaro kwa kubonyeza punje mojamoja.

"Nikibonyeza najua," alisema. "Kwa macho, zote ni kahawa."

"Na taa hubonyezi."

"Hapana. Taa hubonyezi."

Alikaa juu ya gogo. Kiwelu alibaki amesimama, akatoa daftari.

"Taa niliiona, afande. Thadeus hakulala. Niliiona imeinuliwa juu, haitikisiki. Mara zote mzee alipokuwa ananipa injini, Basili ndiye aliyekuwa macho yangu. Alikuwa anapiga kelele, njoo, simama, mimi namfuata. Hata niliposhindwa mtihani ule wa macho, wa kuchagua nyuzi kwa rangi zake, ni yeye na mzee tu niliowaambia."

"Na usiku ule?"

"Nilingoja sauti yake. Injini inapumua, sisikii kitu. Nikasema labda ameshaita, mvuke umeimeza. Nikaona taa inawaka. Nikasema hiyo ndiyo njoo." Alifuta uso kwa mkono wenye utelezi wa kahawa. "Nilikuwa namngoja mtu yule yule, afande. Namngoja aniite, na yeye yuko kati ya mabehewa."

Kiwelu aliandika. Alisikitika, na aliandika polepole kuliko ilivyohitajika. Alipoinua kichwa alikuta Gidioni anatazama upande wa miti, ambako mama yake alikuwa ameshuka tena kwenye ngazi na anakuja, kikapu kiunoni.

"Nakuomba kitu kimoja," Gidioni alisema kwa haraka. "Andika nilikuwa nimelewa. Nitafungwa, sawa, nimeua. Lakini andika pombe."

"Kwa nini?"

"Mlevi ni mtu wa kawaida hapa. Hili la macho watu watasema ni la ukoo, na nina watoto wa kiume watatu. Nani ataoa, nani ataajiriwa, wakisema kwa kina Gidioni wanazaliwa vipofu wa rangi? Na mama..."

"Sikiliza," alisema Kiwelu. "Mbali na Thadeus mwenyewe, anayesema taa iliinuliwa ni mmoja tu duniani, nawe ndiye huyo. Filamu haikuiona. Gurdip alikuwa amelala. Nikiandika ulikuwa mlevi, mwendesha mashtaka atauliza mlevi aliona nini, na Thadeus atabaki ndani pamoja nawe. Ukitaka atoke, lazima uwe ulikuwa mzima, umeiona, na hukujua rangi yake. Chagua wewe. Mimi naandika utakalosema."

Bernadetha alikuwa amefika. Alitazama daftari, akatazama punje zilizopangwa makundi mawili juu ya waya, akamtazama mwanawe.

"Amefanya nini?"

Kiwelu alimgeukia Gidioni. Kalamu ilikuwa imesimama juu ya karatasi. Upande wa pili wa migomba mtu alikuwa anamwita mwenzake alete debe.

"Mama," alisema Gidioni, "mimi nyekundu siioni."

"Tangu lini?"

"Sijawahi kuiona."

Mama alifungua kamba ya kikapu kiunoni, akakiweka chini kwa uangalifu kahawa isimwagike. Akakaa kwenye gogo kando ya mwanawe, akaukamata mkono wake, akaugeuza juu, akawa anaupapasa pale ambapo fimbo za zamani zilikuwa zikitua.

"Andika, afande," alisema Gidioni. "Nilikuwa mzima. Taa ilikuwa inawaka."